Programu za Kudai Fidia: Kumtoa Mwizi na Kufungua Kufuli

Katika magonjwa yote yanayoipata kompyuta ya mtu binafsi, ni machache yanayomshtua mwenyewe kama hili: anawasha mtambo wake, na faili zote alizoweka humo kwa miaka mingi, barua, picha, mitihani, hesabu za ada, zimo mahali pake lakini hazisomeki. Kila faili imeongezewa mkia wa herufi ngeni mwishoni mwa jina lake, na kiooni pana tangazo lisemalo kwamba faili zimefungwa na kwamba ufunguo utapatikana kwa malipo. Programu iliyofanya kazi hiyo tutaiita hapa programu ya kudai fidia, kwa kuwa kusudi lake si kuharibu, bali kuiteka mali ya mtu ndani ya nyumba yake mwenyewe na kumtaka aikomboe.

Aghalabu mwenye kompyuta hukimbilia kwa fundi na kumwambia, "Nitolee kirusi hiki." Fundi huitoa programu ile, mtambo hutangaza kwamba ni safi, lakini faili hubaki zimefungwa vilevile. Hapo mwenyewe hudhani kwamba fundi hajui kazi yake, au kwamba kirusi kingali kimejificha. Huenda dhana zote mbili si kweli. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba hizi ni kazi mbili mbalimbali. Kumfukuza mwizi ni kazi moja, na kulifungua kufuli aliloliacha mlangoni ni kazi nyingine. Ya kwanza huwezekana karibu siku zote. Ya pili hutegemea hesabu, na katika hesabu hiyo ujuzi wa fundi hauna nguvu kubwa.

Tofauti hiyo ilionekana tangu programu ya kwanza ya aina hii. Mnamo Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwenda nchi nyingi. Waliopelekewa walikuwa miongoni mwa wasomaji wa gazeti la PC Business World na watu waliohudhuria mkutano wa kimataifa juu ya UKIMWI uliofanyika Stockholm mwaka 1988. Disketi ilijitambulisha kuwa na maelezo ya ugonjwa huo, na kwa hakika ilikuwa nayo: iliuliza maswali na kukadiria hatari ya mtu kuambukizwa. Lakini ilijipenyeza pia katika diski kuu na kuanza kuhesabu mara ambazo kompyuta iliwashwa. Hesabu ilipofika kama 90, ilivuruga majina ya faili zote na kumtaka mtumiaji apeleke dola 189 katika sanduku la posta nchini Panama.

Mtu aliyeshtakiwa kwa kazi hiyo alikuwa Joseph Popp, Mmarekani mtaalamu wa elimu ya viumbe aliyesomea Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya utafiti juu ya nyani huko Masai Mara, Kenya. Alikamatwa Marekani mwaka 1990, akapelekwa Uingereza, na mwaka 1991 mahakama iliamua kwamba hali ya akili yake haikumwezesha kusimama mashtakani.

Kwa mwanafunzi wa sayansi, hata hivyo, lililo muhimu zaidi ni namna mtego wenyewe ulivyoteguliwa. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Jim Bates, aliichambua programu ile na kuandika programu mbili za kuipinga. Ya kwanza, iliyoitwa AIDSOUT, iliiondoa programu ya Popp katika diski. Ya pili, CLEARAID, iliyarudisha majina ya faili kama yalivyokuwa. Kazi mbili, dawa mbili.

CLEARAID iliwezekana kwa sababu kufuli la Popp lilikuwa dhaifu. Programu yake ilibadilisha herufi kwa kufuata jedwali moja kwa kompyuta zote, na jedwali hilo lilikuwamo ndani ya programu yenyewe. Aliyekuwa na jedwali la kufungia alikuwa nalo pia la kufungulia, kwa kuwa lilikuwa lilo hilo moja likisomwa kinyume. Ni sawa na mwizi anayefunga mlango wa watu na kuuacha ufunguo chini ya mkeka.

Ili mtekaji asiuache ufunguo, alihitaji kufuli la namna nyingine. Msomaji anayajua makufuli yanayofungwa kwa kuyabana tu: mtoto yeyote aweza kulifunga bila ufunguo, lakini halifunguki mpaka aje mwenye ufunguo. Je, hesabu yaweza kutupatia kufuli kama hilo? Jibu lilitolewa mwaka 1977 na Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts. Njia yao ni ya kawaida sana kwa mtu anayeelewa kugawanya na kupata baki, nasi tutaifanya hapa kwa namba ndogo.

Tuchukue namba tasa mbili, 3 na 11. Tukizizidisha twapata 33. Sasa tupunguze moja katika kila namba tasa, tupate 2 na 10, tuzizidishe, tupate 20. Kisha tuchague namba ya kufungia, tuseme 3, na tutafute namba ya kufungulia ambayo ikizidishwa kwa 3 na jawabu likagawanywa kwa 20, baki litakuwa 1. Namba hiyo ni 7, maana 3 mara 7 ni 21. Namba 33 na 3 tunazitangaza kwa watu wote. Hilo ndilo kufuli. Namba 7 tunaificha. Huo ndio ufunguo.

Mtu akitaka kuifunga namba 4, ataizidisha kwa yenyewe mpaka zipatikane nne tatu, yaani 4 × 4 × 4, ambazo ni 64. Atagawanya kwa 33, na baki ni 31. Yeyote atakayeiona 31 haoni 4. Lakini mwenye ufunguo atachukua 31 katika kipeo cha 7, atagawanya kwa 33, naye atapata baki 4. Mwanafunzi asiogope ukubwa wa hesabu hiyo. Atambue tu kwamba katika kugawanya kwa 33, namba 31 ni sawa na hasi 2. Hasi 2 katika kipeo cha 7 ni hasi 128, nayo ukiiongeza 132, ambayo ni 33 mara nne, wapata 4.

Siri yote imo katika zile namba tasa mbili. Anayezijua 3 na 11 atakokotoa 7 kwa dakika moja. Asiyezijua hana budi kuigawanya 33 mpaka azipate, na kwa 33 hiyo si kazi. Lakini makufuli yanayotumiwa leo yana namba zenye tarakimu 617. Mwezi Februari 2020 kundi la wataalamu lilifaulu kuigawanya namba ya tarakimu 250, na kwa kazi hiyo walitumia nguvu za kompyuta ambazo, kama ingetumika kichakato kimoja tu, zingedai miaka ipatayo 2,700. Kila tarakimu inayoongezwa huongeza ugumu. Kwa hiyo mtu anayedai kuwa anazo mbinu za kulivunja kufuli la tarakimu 617 kwa siku mbili, kwa malipo ya awali, hafai kusikilizwa.

Mwaka 1996 Adam Young na Moti Yung walionya katika maandishi yao ya kitaalamu kwamba kirusi kinachobeba kufuli la namna hii, bila kubeba ufunguo wake, kingeweza kuteka faili kwa njia ambayo hakuna mchambuzi angeweza kuitegua. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya wahalifu kuitumia njia hiyo kwa upana. Programu ya CryptoLocker ilipotokea Septemba 2013, onyo lile lilikuwa limetimia. Malipo nayo yalikuwa yamerahisishwa: badala ya sanduku la posta, ambalo polisi wanaweza kulingojea, palikuwa na fedha za tarakimu zinazoitwa bitcoin.

Katika utendaji wao wahalifu hawazifungi faili zenyewe kwa njia ya namba tasa, kwa kuwa njia hiyo ni ya polepole. Faili hufungwa kwa ufunguo wa kawaida, mwepesi, unaofunga na kufungua. Kisha ufunguo huo mwepesi ndio unaotiwa ndani ya kufuli la namba tasa, na nakala yake iliyo wazi hufutwa. Faili imo sandukuni, na ufunguo wa sanduku umo katika sanduku jingine ambalo ufunguo wake uko mbali.

Kama mtekaji hakukosea, mambo huishia hapo. Lakini programu huandikwa na watu, na watu hukosea. Tarehe 12 Mei 2017 programu iitwayo WannaCry ilianza kuenea, na kwa muda mfupi ilifika nchi zaidi ya 150. Huko Uingereza hospitali nyingi zililazimika kuahirisha matibabu. Ilipita katika tundu la Windows ambalo kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka kiraka, au waliotumia mitambo ya zamani isiyopelekewa. WannaCry ilizitafuta zile namba tasa mbili ndani ya kompyuta ya mtekwa yenyewe, kisha ikaufunga ufunguo uliopatikana. Hata hivyo, katika Windows za zamani, namba tasa zilisahauliwa katika kumbukumbu ya muda bila kufutwa. Mfaransa Adrien Guinet alilitambua jambo hilo, naye aliandika programu ya kuzitafuta. Waliokuwa hawajazima kompyuta zao waliweza kupata ufunguo bila kulipa. Waliokuwa wamezima hawakupata kitu, kwa kuwa kumbukumbu ya muda husahau kila kitu umeme unapokatika.

Tukio hilo latufundisha namna ya kutenda katika dakika za kwanza. Jambo la kwanza ni kuchomoa waya wa mtandao au kuzima mawasiliano yasiyo na waya, na kuchomoa flashi na diski zote za nje. Je, kompyuta nayo izimwe? Wataalamu hawana kauli moja. Kama ufungaji bado unaendelea na zipo faili za thamani ambazo hazijafikiwa, kuzima huziokoa. Kama kila kitu kimekwisha fungwa, kuzima hakuokoi kitu, na kwaweza kupoteza kile ambacho Guinet alikitafuta. Maoni yangu ni kwamba mtu binafsi anayeona majina ya faili yakibadilika mbele ya macho yake azime mara moja; aliyekuta kazi imekwisha aache mtambo ukiwaka, aupige picha kwa simu pamoja na tangazo, na atafute msaada kwanza.

Kwa kompyuta za watu binafsi, tofauti na zile za hospitali na benki, programu iliyosumbua wengi zaidi tangu mwaka 2018 ni jamii ijulikanayo kwa jina la STOP au Djvu. Haipiti katika tundu lolote la mtandao. Huletwa na mwenye kompyuta mwenyewe, ikiwa imefichwa ndani ya programu zilizovunjwa leseni, ambazo vijana wetu huziita kraki. Anayetafuta njia ya kuiamsha Windows bila kuilipia, au programu ya kuchora isiyo na malipo, huombwa azime kinga ya kompyuta kwa muda, naye huizima. Kisha huona dirisha linalosema kwamba Windows inajisasisha. Dirisha hilo ni la uongo, nyuma yake faili zinafungwa. Mwishowe hukuta katika kila kabrasha faili iitwayo _readme.txt, inayodai dola 980, au nusu yake kwa atakayewasiliana na watekaji katika muda wa saa 72.

Tuitazame kwa karibu, kwa sababu tabia zake zaonyesha kwa nini kumtoa mwizi kunahitaji utaratibu. Programu hii hujiandikia kazi katika ratiba ya Windows ili iamke tena na tena kila baada ya dakika chache. Kwa hiyo mtu anayechomeka diski yenye nakala zake za akiba kabla ya kuusafisha mtambo atazipoteza nazo pia. Wengi wameangamia hapa. Huharibu orodha ya anwani iliyo ndani ya Windows ili kurasa za watengenezaji wa kinga zisifunguke. Huzifuta nakala za kivuli ambazo Windows hujiwekea. Fauka ya hayo, mara nyingi huja na mwenziwe, programu ya kuiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika kivinjari.

Usafishaji basi ufanywe hivi. Kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo safi, ipakuliwe programu ya uokoaji ya mtengenezaji wa kinga anayeaminika, iwekwe katika flashi, na kompyuta iliyoathirika iwashwe kutoka katika flashi hiyo, ili Windows iliyoambukizwa isipate nafasi ya kuamka. Programu hiyo itaikagua diski yote na kumwondoa mwizi. Kama njia hiyo haipatikani, Windows iwashwe katika hali salama, ambamo programu chache tu huanza, na ukaguzi ufanyike humo. Lakini baada ya mtambo kutekwa mara moja, ni vigumu kuuamini tena. Njia iliyo bora ni kuzihamisha faili zilizofungwa katika diski ya pekee, kuifuta diski kuu yote, na kuiweka Windows upya. Kisha maneno yote ya siri, ya barua pepe, ya benki, ya mitandao, yabadilishwe, nayo yabadilishwe kutoka katika kompyuta safi. Sehemu hii ya mwisho mafundi wengi huisahau.

Kufungua kufuli ni habari nyingine. Ipo huduma ya bure iitwayo No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, shirika la polisi la Ulaya liitwalo Europol, na kampuni mbili za ulinzi wa kompyuta. Mtu hupeleka huko faili moja au mbili zilizofungwa pamoja na tangazo la watekaji, naye huambiwa jina la programu iliyomteka na kama ufunguo wake unajulikana. Kwa STOP, bahati hutegemea jambo dogo. Programu inapoanza kazi huuomba ufunguo kutoka kwa mwenyewe kupitia mtandao, na kila mtekwa hupewa wa kwake. Ikikosa mtandao hutumia ufunguo uliomo ndani yake, ambao ni mmoja kwa watu wote wa toleo hilo. Katika hali hii ya pili, mtekwa mmoja anapolipa na kuutoa ufunguo wake kwa wachambuzi, wengine wote wa toleo lile huweza kufunguliwa. Dalili yake ni kwamba namba ya utambulisho iliyo katika tangazo huishia kwa t1. Aliyekatikiwa na mtandao siku ile basi alikuwa na heri kuliko jirani yake mwenye mtandao mzuri.

Iko nafuu nyingine. Ili kufanya haraka, STOP hufunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo wa kila faili na kuacha zilizobaki. Barua fupi hufungwa yote, lakini filamu au wimbo mrefu huweza kutengenezwa na kuchezeka, pengine ukikosa sekunde za mwanzo tu.

Msomaji ajihadhari na waokoaji wa uongo. Mnamo Juni 2020 ilienezwa programu iliyojidai kufungua faili za STOP, kumbe ilikuwa ni programu nyingine ya kudai fidia, iitwayo Zorab, iliyozifunga mara ya pili.

Je, alipe? Polisi wa nchi nyingi hushauri asilipe, nami naona wana haki, ingawa si rahisi kumwambia hivyo mwalimu aliyepoteza alama za wanafunzi wa miaka mitatu. Malipo hayamfungi mtekaji kutimiza neno lake. Pengine hata angetaka hawezi: katika tukio la NotPetya la Juni 2017, namba ya utambulisho iliyoonyeshwa kwa watekwa ilikuwa ya kubahatisha tu, isiyohusiana na ufunguo wowote, na anwani ya barua pepe ya kuwasiliana ilifungwa siku ileile. Waliolipa walilipa bure. Ni bora tukio liarifiwe polisi. Tanzania ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina yake ya mwaka 2018.

Kinga yenyewe haina fumbo. Nakala ya akiba ambayo daima imechomekwa katika kompyuta si akiba, maana mtekaji huiona kama aonavyo diski kuu. Nakala ichomwe katika sahani ya DVD, au iwekwe katika diski inayochomekwa siku ya kunakili tu na kisha kufungiwa kabatini. Shule isiyoweza kununua leseni haina haja ya kraki. Programu za ofisi kama LibreOffice, na hata mfumo mzima wa Linux, hutolewa bure kwa halali.

Faili zilizofungwa nazo zisitupwe. Funguo za CryptoLocker zilipatikana na kutolewa bure Agosti 2014, baada ya polisi kuivamia mitambo ya wahalifu. Mwezi Aprili 2020 watekaji wa jamii iitwayo Shade, waliokuwa wameacha kazi yao, waliomba radhi na kutangaza hadharani funguo zipatazo 750,000. Diski iliyowekwa kabatini pamoja na tangazo lake yaweza kungojea siku kama hiyo.

Kwa wanafunzi wapendao hesabu, zoezi hili linafuata njia tuliyoieleza. Kufuli lililotangazwa ni 55, na namba ya kufungia ni 3. Namba iliyofungwa inasomeka 13. Tafuta namba tasa mbili, kisha ufunguo, kisha namba ya asili. Jibu ni 7; hatua zake zionyeshwe kwa mwalimu.